KARATASI YA MUNGANGA: NANI ANAMDANGANYA NANI?

Maneno ya ndugu mmoja, aliyekuwa delege wa wafanyakazi, mbele ya mkutano wa wafanyakazi na wakaaji wa Mangobo, Kisangani. Tunayachapa kama alivyoyasema.



Wazee wa mkutano waliniomba niseme juu ya sheria ya kazi. Nikawajibu: sheria ya kazi ni kitabu kikubwa, leo nitafungua ukurasa mmoja tu, ule wa mgonjwa. Nitasema juu ya karatasi ya munganga, ile tunayoiita karatasi ya repo. Iko ya kweli, iko ya uongo. Naona wengine wanaanza kucheka, maana kati yetu hapa wamo walioinunua. Wasicheke sana. Mimi mwenyewe niliinunua.

HABARI YANGU

Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa nafanya kazi kwa mashine katika kampani moja ya mji huu. Jina lake naliacha. Siku moja habari ikaja kwa mtumbwi kutoka Yangambi: baba mdogo amekufa. Ndugu, ninyi mnajua baba mdogo ni nani. Baba aliyenizaa alikufa nikiwa mtoto. Huyu ndiye aliyenilea na kunilipia masomo. Nikaenda kwa kapita kuomba siku. Kapita akanisomea sheria: akifa baba, mama, mke, mume au mtoto, siku 4 za kazi. Akifa ndugu wa tumbo moja, babu, bibi au mjukuu, siku 2. Baba mdogo, hakuna. Nikamwambia: «Bwana, huyu ni baba.» Akanijibu: «Kwa karatasi si baba.»

Basi nikatafuta karatasi nyingine. Karibu na soko alikuwako kijana mmoja mwenye kashe ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuniuliza naumwa wapi. Aliniuliza: «Unataka ugonjwa gani?» Nikasema malaria. «Siku ngapi?» Nikasema tano. Nikalipa, nikashuka mto, nikazika baba yangu. Siku ya sita nilirudi kazini. Karani akaipokea karatasi, akaiweka ndani ya faili, mambo yakaisha.

Lakini hayakuisha. Wenzangu waliniuliza nimefanyaje, nami nikawaonyesha njia ya kwa yule kijana. Hilo ni kosa langu la pili, tena ni kubwa kuliko la kwanza. Baada ya miezi michache, ofisi ilijaa karatasi zenye kashe moja, mwandiko mmoja na jina la munganga mmoja. Karani hakuwa mjinga. Akapiga simu lopitalini. Wakamjibu: munganga huyu alihamia Kinshasa, ni miaka miwili sasa.

Patro akatoa amri: tangu leo hatupokei karatasi yoyote isipokuwa ya lopitali moja tuliyoichagua sisi. Basi mwenzangu mmoja, mtu wa Lubunga ng'ambo ya mto, akashikwa na homa usiku. Alfajiri akaenda kituo cha afya cha karibu, wakampima damu, wakaona malaria, wakampa dawa na karatasi ya kweli ya siku tatu. Akavuka mto na homa yake kuileta karatasi ile. Wakamrudishia: «Tumechoka na karatasi zenu.» Yeye ana watoto sita. Akaogopa kuandikwa mtoro, akaingia kwa mashine. Kabla ya saa sita kizunguzungu kikampata, na mashine ikachukua vidole viwili vya mkono wake wa kuume.

Nami nilikuwa nasimama hatua kumi tu kutoka kwake. Miaka mingi nilinyamaza. Juma lililopita, nilipojua kwamba nitasimama mbele yenu, nilivuka mto kwenda kumwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Ukiwaambia watu, usijitaje wewe peke yako. Mtaje na yule aliyesoma karatasi yangu ya kweli akanituma kwa mashine.»

Kwa sababu hiyo leo nitasema juu ya pande zote mbili.

SHERIA INASEMA NINI

Tuanze na haki yetu, maana mtu asiyejua haki yake huinunua kwa kijana wa sokoni.

Zamani, wakati wa Wabeljiki, dekreti ya 16 Machi 1922 ilifanya kukosa kazi bila sababu kuwa jambo la gereza. Mfanyakazi mweusi aliyevunja mkataba wake aliweza kufungwa kama mwizi. Wazee wa Kilo-Moto na wa mashamba waliyaona hayo. Ndiyo maana mpaka leo wengi wetu tukiugua tunaogopa kama tumetenda dhambi.

Leo tuna Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, iliyotengenezwa tena kidogo tarehe 15 Julai 2016. Sikilizeni vizuri. Mfanyakazi akiugua, mkataba wake haufi. Unalala. Wakati umelala, ana haki ya kulipwa theluthi mbili za mshahara wake wa fedha, na posho ya watoto inabaki nzima. Patro anapaswa kumpatia matibabu yeye na jamaa yake: munganga, dawa, lopitali. Kama ugonjwa haukutoka kazini, patro hawezi kuvunja mkataba kwa ajili ya ugonjwa huo mpaka imepita miezi 6 mfululizo mfanyakazi hawezi kazi. Na mama anayejifungua ana majuma 14. Hayo si ugonjwa, ni haki yake peke yake, asiombe karatasi ya malaria kwa ajili ya mimba.

Sasa pimeni wenyewe. Karatasi moja ya munganga inashika mshahara, dawa na kazi yenyewe. Kitu chenye thamani kama hiyo kitakosa wezi? Hakikosi. Palipo na franka ya kweli, ipo na ya bandia.

NAMNA WANAVYOPIMA KARATASI

Wengine wanadhani patro anatazama kashe tu. Hapana. Nimekaa upande wa ma-delege, nimeona kazi ya ofisi. Nitawaambia wanavyofanya, si kwa kuwafundisha werevu, bali mjue kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Kwanza, kampani nyingi zina mapatano na lopitali au kituo fulani. Mgonjwa anachukua bon ofisini, anakwenda nayo, munganga anaijaza, inarudi. Bon ina namba, na namba imeandikwa pande zote mbili. Karatasi isiyo na bon inaulizwa.

Pili, wanatazama kama karatasi imekamilika: jina la mgonjwa, tarehe aliyoonwa, siku za repo, jina la munganga na namba yake katika Ordre ya Waganga, ile iliyoundwa mwaka 1968. Jina na namba visipopatana, kazi imekwisha.

Tatu, wanauliza rejista. Kila lopitali na kila kituo kina kitabu ambamo mgonjwa anaandikwa kwa tarehe na kwa mstari. Karatasi inaweza kudanganya. Kitabu ni vigumu, maana mistari ya juu na ya chini ina watu wengine.

Nne, kampani kubwa zina munganga wao, anayeweza kumwita mgonjwa ampime tena, au kumtembelea nyumbani. Hapa ndipo wengi wanakamatwa: karatasi inasema hawezi kusimama, jirani anasema yuko shambani.

Na tano ni hesabu tu. Mtu anaugua kila Jumatatu baada ya mshahara. Watu watano wa timu moja wanaugua siku ya mechi. Malaria haijui kalenda ya mpira.

Mtu akikamatwa, si kufukuzwa tu. Kifungu cha 124 cha sheria ya adhabu kinasema mwenye kughushi maandishi kwa nia ya kudanganya anaweza kufungwa miezi 6 hadi miaka 5, na kifungu cha 126 kinampa adhabu hiyo hiyo aliyeitumia karatasi akijua. Yule kijana wa soko na mimi niliyenunua, mbele ya sheria, tunalala chumba kimoja. Na munganga wa kweli anayeuza sahihi yake kwa mtu ambaye hakumpima anaiuza pia heshima ya kazi yake. Kesho akiandika kweli, nani atamwamini?

LAKINI PATRO NAYE ANA MPAKA

Sasa nakuja kwa neno la mwenzangu wa Lubunga.

Kuuliza kama karatasi ni ya kweli ni haki ya patro. Kuuliza ugonjwa wa mtu si haki yake. Kifungu cha 73 cha sheria ile ile ya adhabu kinamfunga munganga, infirmie, mkunga na mwuza dawa wanaotoa siri ya mgonjwa nje. Ofisi ikipiga simu, iulize: karatasi hii imetoka kwenu? tarehe hii? siku hizi? imetiwa sahihi na nani? Basi. Mambo ya damu yake, ya tumbo lake na ya mkewe hayamhusu karani. Nimesikia makarani wakisoma ugonjwa wa mtu kwa sauti mbele ya foleni ya mshahara. Hiyo ni aibu, tena ni aibu inayoleta karatasi za uongo: mtu mwenye ugonjwa wa siri afadhali anunue karatasi ya malaria kuliko kuleta ile ya kweli.

Tena, patro asikatae karatasi bila kuipima. Kukataa zote si kupima; ni uvivu uliovaa koti la ukali. Tunajua sote kwamba katika nchi yetu vituo vingi vya afya vinaongozwa na infirmie, munganga hayuko. Mtu wa Lubunga, wa Kabondo, wa njia ya Buta, homa ikimshika usiku atakwenda kwa infirmie wa karibu. Karatasi ya infirmie huyo isitupwe. Ipigiwe simu, rejista iulizwe, na kama kampani ina shaka, munganga wake amwone mgonjwa siku hiyo hiyo. Simu moja ingeokoa vidole viwili.

Na mgonjwa asirudishwe kazini kwa nguvu. Ndugu wa migodi, ninyi mnajua zaidi. Mnakumbuka mwaka 2021, homa ya uti wa mgongo ilipoingia Banalia, humu humu katika Tshopo yetu. Ilipotangazwa Septemba, walikwisha hesabu watu 261 waliodhaniwa kuugua na 129 waliokufa. Ugonjwa wa namna hiyo unakwenda kwa pumzi, mtu kwa mtu, na wachimbaji wanalala wamebanana. Mahali kama hapo, mtu mmoja anayeogopa kusema «naumwa» anaweza kuangusha kambi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mwenye kumlazimisha kuficha, kifo humuumbua pamoja naye.

KWA NINI TUNANUNUA

Semeni kweli: wanaonunua wote ni wavivu? Wamo, sikatai. Wako wanaolewa Jumapili na kuugua Jumatatu, na hao wanakula jasho la wenzao, maana kazi ya asiyekuja inafanywa na aliyekuja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndivyo karatasi yangu ilivyoiozesha karatasi ya mwenzangu.

Lakini wengi hawanunui kwa uvivu. Mmoja ana matanga ya baba mdogo. Mwingine mtoto wake amelazwa, na sote tunajua lopitali zetu: mgonjwa akilazwa, ni jamaa wanaompikia, wanaomwosha, wanaokimbia kutafuta dawa usiku. Mwingine mshahara umechelewa, anatafuta kibarua siku mbili watoto wale. Mwingine ameugua kweli, lakini hana fedha ya kulipa kituo ili apate karatasi. Hawa wote wana sababu ya kweli, na kwa sababu ya kweli wanaleta karatasi ya uongo, maana ofisi ina dirisha moja tu lililo wazi, nalo limeandikwa «malaria».

Tutazame na majirani. Kenya, kwa sheria ya 2007, mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 kazini ana angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara mzima na siku 7 kwa nusu, akileta cheti cha munganga. Tanzania, kwa sheria ya 2004, ni siku 126 ndani ya miezi 36: 63 za kwanza mshahara mzima, 63 nusu. Afrika ya Kusini, mtu akikosa siku moja au mbili, patro kwa kawaida hawezi kudai cheti, isipokuwa akirudiarudia. Uingereza, siku 7 za kwanza mgonjwa anajiandikia mwenyewe, munganga haitwi. Ujerumani, tangu Januari 2023, patro anachukua habari kwa kompyuta kutoka mfuko wa bima ya ugonjwa; mgonjwa hapeleki tena karatasi. Hatuna kompyuta za Ujerumani, lakini akili ya mambo hayo si ya Ulaya: mwamini mtu kwa kitu kidogo, mpime kwa kitu kikubwa, na usimfanye mgonjwa kuwa tarishi wa karatasi yake mwenyewe.

TUFANYE NINI

Ndugu, sikuja kulia tu. Nina maneno machache ya kazi.

La kwanza ni letu wenyewe. Tusinunue tena, na anayejua mwuzaji asiwapeleke wenzake. Mimi niliwapeleka, mmesikia mwisho wake.

La pili, kila mmoja asome kanuni za kampani yake, zile zinazopaswa kuwako kwa sheria. Ajue ni kwa saa ngapi anapaswa kutoa habari akiugua, na kwa nani. Ukiugua, tuma mtu au piga simu siku ile ile. Usingoje kupona ndipo ueleze. Karatasi ya kweli iliyochelewa inafanana na ya uongo. Baki na nakala yake.

La tatu, ma-delege wapeleke mezani siku za jamaa. Sheria imeweka kiasi cha chini, haikumkataza patro kuongeza. Mapatano ya pamoja yanaweza kuandika: baba mdogo aliyelea, siku 2, mtoto aliyelazwa, siku 2, hata bila mshahara, lakini bila uongo. Mtu akipewa mlango hatapita dirishani.

La nne, siku ya kwanza ya homa ipokelewe kwa neno la mtu, mara chache kwa mwaka, na iandikwe. Atakayezidisha atajulikana kwa hesabu.

La tano, ofisi na vituo vya afya vya komine zote sita wapatane: mtu mmoja wa kuulizwa kila kituo, simu moja, maswali manne yale niliyoyataja, bila jina la ugonjwa. Ikikataliwa karatasi ya kweli, twende kwa Inspeksio ya Kazi pamoja, si mmoja mmoja.

Na ninyi ndugu wachimba almasi na dhahabu msio na patro, mnaweza kusema: haya hayatuhusu, sisi tukiugua hakuna wa kumpa karatasi. Ni kweli, na ndiyo umaskini wenyewe. Lakini likelemba mnayo. Wekeni sehemu yake kando kwa wagonjwa, na mchague wawili wa kumtembelea aliyelala. Mtajifunza haraka kwamba hata ninyi kwa ninyi mtahitaji kupima nani anaumwa kweli. Pimeni kwa kwenda kumwona na chakula mkononi. Upimaji huo haumwudhi mtu.

Nimalizie. Nilipoondoka Lubunga juma lile, mwenzangu alinisindikiza mpaka ukingoni, kwenye mitumbwi. Akanipa mkono wa kuume, ule wenye vidole vitatu. Niliushika. Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza. Alisema tu: «Siku ya mkutano nitavuka.»

Ndugu, amevuka. Ameketi pale nyuma. Sitalitaja jina lake. Akitaka kusema, mpeni nafasi, maana mimi nimemaliza.